Mgeni Njoo, Lakini kwa Lugha Ipi? Wanafunzi, Huduma ya Kanisa na Kiswahili cha Isiolo

Kila mwaka, pindi vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vinapofungwa kwa likizo ndefu, na vile vya Afrika Mashariki vinapopumzika baina ya mihula, makundi ya wanafunzi Wakristo huabiri magari kuelekea kaskazini mwa Kenya kwa minajili ya kutoa huduma. Baadhi yao hutoka ng'ambo, wametumwa na parokia au makanisa yao. Wengine hutoka Kampala, Dar es Salaam au Nairobi, wakiwa wanachama wa jumuiya za Kikristo vyuoni mwao. Wengi hushukia Isiolo, mji ambao kwa miongo mingi ndiko lami ilikokomea kabla ya barabara ya Moyale kutengenezwa. Hubeba magunia ya nguo, mipira, vitabu vya hadithi na makopo ya rangi ya kupaka madarasa. Wanaporejea makwao, hubeba picha na ushuhuda. Ushuhuda huo aghalabu hufanana: watu ni wakarimu, watoto wana furaha licha ya ufukara, na aliyekwenda kutoa ndiye aliyepokea zaidi. Ni maneno mazuri, na yamkini ni ya kweli. Hata hivyo, ni nadra mno kumsikia mtoa ushuhuda akieleza alizungumza na wenyeji wake kwa lugha gani, na, lililo muhimu zaidi, wao walimwambia nini.

Makala haya yanashikilia kwamba hapo ndipo penye kasoro. Huduma ya kanisa, jinsi inavyoendeshwa na wanafunzi wageni mjini Isiolo, ni usemi wa upande mmoja. Neno huenda lakini halirudi. Na pale neno lisiporudi, panaweza kuwa na msaada, panaweza kuwa na mahubiri, ila ushirika haupo. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawawezi kulitazama jambo hili kama la wanatheolojia pekee, kwa kuwa lugha inayotegemewa kulivusha neno hilo ni Kiswahili, na mkalimani anayesimama kati mara nyingi ni mwanafunzi kama wao.

Yafaa kwanza kuueleza mji wenyewe. Isiolo ni mahali ambapo mtu hulazimika kujua salamu nyingi kabla ya kufika sokoni. Waborana huulizana kuhusu *nagaa*, Wasomali kuhusu *nabad*, na maneno yote mawili maana yake ni amani. Waturkana husema *ejok*, Wasamburu *supa*, na Wameru wanaoteremsha miraa na mboga kutoka Nyambene wana zao. Wapo pia wazawa wa askari wa Kisomali waliopewa makao hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa sehemu kubwa Waborana na Wasomali ni Waislamu, ilhali Wameru na Waturkana wengi ni Wakristo. Kwa hiyo mipaka ya dini na ya kabila hukaribiana sana, na machafuko ya mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 yalionyesha jinsi ukaribu huo unavyoweza kuwa wa hatari. Mgeni anayeingia kanisani Jumapili na kugawa nguo Jumatatu, bila kujua ni nyumba zipi amezipita, tayari amesema jambo ambalo hakukusudia kulisema.

Katikati ya lugha hizo zote kipo Kiswahili. Mwuza maziwa ya ngamia yanayopelekwa Eastleigh, Nairobi, hupatana kwacho na dereva. Mganga wa zahanati hukitumia kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mwanaisimu angependa kuishia hapo na kuihesabu Isiolo miongoni mwa ushindi wa lugha ya taifa. Lakini kumbukumbu za wenyeji ni ndefu kuliko hizo. Msafiri anayetoka Isiolo kuelekea kusini hadi leo husikika akisema kwamba "anakwenda Kenya". Huo si utani mtupu. Serikali ya kikoloni ilitumia sheria za mwaka 1902 na 1934 kuifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vikafuata vita vya shifta, ambapo wafugaji wa Garba Tulla, Merti na Isiolo walikusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia. Waborana wa Waso hukiita kipindi hicho *Daaba*, wakati ambapo mambo yalisimama. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, na Isiolo ikatajwa humo kwa jina. Katika miaka hiyo yote Kiswahili kilikuwa kinywani mwa askari. Kwa wazee wengi lugha hii ilifika ikiwa katika hali ya kuamrisha: simama, kaa chini, toa kipande. Anayewajia leo na Biblia mkononi, akawahubiria kwa Kiswahili cha sauti ya juu, hana budi kujua kwamba sauti hiyo walikwisha kuisikia.

Sasa tumtazame mwanafunzi wa Kiswahili mwenyewe. Tuseme ni kijana wa mwaka wa tatu kutoka Dar es Salaam, aliyesoma fonolojia na sintaksia, na ambaye kundi lake limemteua awe mkalimani kwa kuwa "anaijua lugha". Kwake Isiolo ni ugenini, ng'ambo ya mpaka, ila anajiona yuko nyumbani kwa sababu ya lugha. Jioni ya kwanza mzee mmoja anamweleza: "Mbuzi yangu nne imepotea." Kijana, kwa nia njema kabisa na kwa mazoea ya darasani, anamrekebisha: "Mbuzi wangu wanne wamepotea, mzee." Mzee anatabasamu, ananyamaza. Mazungumzo yamekwisha. Upatanisho wa kisarufi umepatikana, na mbuzi wanne bado hawajaonekana.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini hakuna mwanafunzi wa somo hili ambaye hajawahi kufanya kosa la aina hiyo, ama kwa mzee wa Isiolo, ama kwa mchuuzi wa Gikomba, ama kwa shangazi yake mwenyewe. Madarasani tunafundisha ngeli kana kwamba ndizo adabu zenyewe. Sentensi ya mzee ina makosa kwa mizani ya sanifu, lakini ina kila kitu ambacho mgeni alipaswa kukisikia: mali imepotea, usiku unaingia, na anayeambiwa ameaminiwa kiasi cha kuambiwa. Pengine mzee huyo alikuwa akisema lugha yake ya tatu au ya nne, akiisogeza karibu na mgeni kwa heshima. Waliostahili kujifunza walikuwa wawili, naye ndiye aliyekuwa amekwisha kuanza.

Pana jambo jingine katika sentensi ile. Kitenzi *potea* ndicho wahubiri wageni wanachokitumia mchana kutwa. Wanauliza ni nani aliyepotea, wanaahidi kwamba aliyepotea atatafutwa. Jioni mtu anakuja na kupotea kwa kweli, kwenye nyayo na kinyesi na upande ambao upepo unavuma, na hakuna anayetambua kwamba neno la mahubiri limewarudia.

Ukalimani wenyewe, jinsi unavyofanyika katika mikutano hiyo, huongeza umbali. Mhubiri kutoka ng'ambo husema kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukigeuza kuwa Kiswahili. Katekista au mama wa kanisa akageuza Kiswahili kuwa Kiturkana au Kiborana. Mahubiri ya nusu saa huwa ya saa moja na nusu, na jua la Isiolo halimsubiri mtu. Chukua neno *mchungaji*. Kwa Mkristo wa Nairobi au Arusha, neno hili limehama kutoka malishoni likaingia ofisini. Mchungaji ni mtu mwenye koti, mimbari na nambari ya simu. Kwa msikilizaji wa Isiolo mchungaji ni mvulana wa miaka kumi mwenye fimbo, au kijana anayelala na ngamia mbali na boma. Mgeni anaposimulia habari za mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa ili amfuate mmoja, hadhira ya wafugaji inalo swali la haki kabisa: wale tisini na tisa waliachiwa nani? Nchi ina fisi, na ina wezi wa mifugo wenye bunduki. Wafasiri wa Biblia wamelijadili swali hilo kwa karne nyingi. Ajabu ni kwamba katika mkutano wa hadhara likiulizwa kwa Kiborana, hukomea kwa mama wa kanisa. Au huvuka hadi kwenye Kiswahili, mwanafunzi akaona haya kumkatiza mgeni, akalimeza. Mhubiri hurudi nyumbani asijue kwamba alikuwa mbele ya watu waliokuwa wakiifafanua hadithi ile kwa undani kuliko alivyoielewa yeye.

Tatizo la neno lenyewe la *ushirika* ni la aina tofauti, na linawahusu zaidi wanaleksikolojia. Wakristo hulitumia kwa maana ya umoja wa waumini. Waprotestanti huliita karamu takatifu kwalo. Serikali nayo ina vyama vya ushirika vya kahawa na maziwa. Shina lake la Kiarabu, hata hivyo, ndilo linalozaa *shirki*, kumshirikisha Mungu na kitu kingine, dhambi ambayo Mwislamu huiona kubwa kupita zote, na katika Kiswahili hichohicho limetupatia *ushirikina*. Mwislamu wa Isiolo anayejua Kiswahili hawezi kudhani kwamba jirani yake anatangaza shirki anapomkaribisha kwenye ushirika. Wameishi pamoja mno kwa hilo. Lakini mwanafunzi anayeandika tangazo hilo kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani sokoni angefaidika kujua kwamba neno lake lina jamaa wa pande zote mbili za barabara.

Ujamaa huo ni utajiri. *Sala, imani, dhambi, toba, rehema, baraka, sadaka* na hata *injili* yenyewe ni maneno ambayo Mkristo na Mwislamu wa Isiolo wanayachota kisima kimoja. Historia ya kisima hicho inarudi moja kwa moja kwa watu wa Isiolo, kwa njia ambayo vitabu vyetu vya historia ya Kiswahili huipita haraka mno. Johann Ludwig Krapf hakuja Mombasa mwaka 1844 kwa ajili ya Waswahili. Alikuwa amekaa Shewa, Ethiopia, akajifunza Kioromo na kutafsiri sehemu za Injili kwa lugha hiyo, kisha akafukuzwa. Akaja pwani akitafuta njia nyingine ya kuwafikia Waoromo. Waborana wa Isiolo ni Waoromo. Hakuwafikia. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki Mombasa. Alichobakiwa nacho kilikuwa kujifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Yaani tafsiri ya awali ya Biblia katika Kiswahili ilianzia kwenye kikao cha mgeni Mkristo na mwenyeji Mwislamu, mgeni akiwa mwanafunzi na mwenyeji akiwa mwalimu. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mengi yanaweza kusemwa dhidi ya Krapf na mitazamo ya umishonari wa zama zake, na yamesemwa. Lakini hakufika na rangi ya kupaka madarasa akaondoka baada ya siku kumi na nne.

Mfano wa karibu zaidi upo Isiolo kwenyewe. Luigi Locati, padre wa jimbo la Vercelli nchini Italia, alifika Kenya katika miaka ya 1960. Vikariati ya Kitume ya Isiolo ilipoundwa mwaka 1995 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Meru, yeye ndiye aliyekabidhiwa, na kanisa kuu la mji likapewa jina la Mtakatifu Eusebio, askofu wa kale wa Vercelli. Usiku wa tarehe 14 Julai 2005 alipigwa risasi mjini humo akafariki. Mwaka 2023 Vikariati hiyo ilifanywa Jimbo kamili. Hatajwi hapa ili kila mwanafunzi ajipime naye. Anatajwa kwa sababu uhusiano wa Isiolo na kanisa la ng'ambo ulijengwa na watu waliozeekea huko, na wanafunzi wanaokuja kwa majuma mawili hupokewa kwa heshima ambayo si wao walioichuma. Chai ya maziwa ya ngamia anayoandaliwa mgeni ina deni ndani yake. Mgeni anayeikataa kwa kuhofia tumbo, akanywa maji ya chupa, yumkini ana sababu nzuri ya kiafya. Akose basi angalau neno la Kiswahili la kuomba radhi?

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba upendo hauhitaji sarufi, kwamba mtoto aliyepewa daftari haulizi limeletwa kwa lugha gani, na kwamba ukuta uliopakwa rangi unabaki umepakwa. Hoja ya ukuta inakubalika. Ukuta hauzungumzi. Lakini ikiwa lengo ni ukuta, fundi wa Isiolo angeupaka kwa fedha chache kuliko nauli ya ndege ya mwanafunzi mmoja, naye angekula kwa jasho lake. Makundi yenyewe hukiri jambo hili yanaposema kwamba hayakwenda kupaka rangi tu, yalikwenda kwa ajili ya ushirika. Basi yapimwe kwa ushirika.

Mahali ambapo wanafunzi wageni huonja ushirika huo, iwapo wataachiwa nafasi, si kwenye vipaza sauti. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji mwaka 1976, majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma, wakaulizana hali, wakachanga. Mjini Isiolo, jumuiya ya namna hiyo inaweza kuwa na Mturkana, Mmeru na Msamburu kwenye benchi moja, na Kiswahili wanachosemeshana humo kina ngeli mbili au tatu tu. Hakuna anayesahihishwa. Mgeni mwenye maneno hamsini ya Kiswahili anatosha kukaa humo, kwa kuwa wenziwe nao wanajikongoja. Mwenye maneno elfu kumi na tano anahitaji kujifunza kunyamaza, na hilo ndilo somo ambalo idara zetu hazina mtaala wake.

Kuna lingine ambalo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kulifanya bila kusubiri fedha za mtu. Kila kundi linalorudi kutoka Isiolo huandika ripoti. Ripoti hiyo huandikwa kwa Kiingereza, au kwa lugha ya wafadhili, ikapelekwa kwa waliotoa fedha. Watu wanaozungumziwa humo hawaioni. Hawajui kwamba wameitwa wenye furaha licha ya ufukara. Mwanafunzi mkalimani, aliyesikia kila kitu kwa masikio yote mawili, ndiye anayeweza kuiandika upya kwa Kiswahili chepesi, pamoja na maswali yaliyomezwa, likiwamo lile la kondoo tisini na tisa, akaipeleka isomwe kwenye jumuiya ileile, wenyeji wakaikosoa. Kurasa nne zinatosha. Wahadhiri wanaotafuta kazi ya nyanjani kwa wanafunzi wa tafsiri na ukalimani wangepata hapo data ya kweli, na wenyeji wangekuwa wasomaji wa kwanza badala ya kuwa mada.

Suala la kalenda nalo litafaa kufikiriwa upya. Wageni wengi hufika kati ya Juni na Agosti kwa sababu vyuo vyao vimefungwa. Mvua za Isiolo hunyesha Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kufikia Agosti nyasi zimekauka, vijana wamehama na mifugo kufuata maji, na mkutano wa hadhara huhudhuriwa na akina mama, watoto na wazee. Wachungaji wenyewe, wale ambao mahubiri yanawataja kila baada ya sentensi mbili, hawapo. Hurejea mvua ikinyesha mnamo Novemba, wakati ambapo wanafunzi wako kwenye mitihani.